Anza na nani analipa, jina la chuo baadaye: niliyoyasema kwenye mahafali ya kidato cha sita

Mheshimiwa mkuu wa shule, walimu, wajumbe wa bodi, wazazi na walezi, naomba niseme tu itifaki imezingatiwa maana jua lenyewe mnaliona na hawa vijana wamevaa majoho meusi. Wazazi shikamooni. Kidato cha sita mambo? Kidato cha tano mliobebeshwa viti tangu asubuhi poleni, leo nina mengi ya kwenu kuliko hata ya hao wanaoondoka, mtaona kwa nini.

Nimeitwa niongelee kusoma nje. Mwalimu wa taaluma anasema kila mwaka wanafunzi wanamuuliza wanaombaje digrii ya kwanza Uingereza, Canada, popote wanapofundisha kwa Kiingereza, na yeye hana la kuwajibu zaidi ya kuwaambia kuna ofisi ya ajenti mjini kamuoneni. Basi naanza na huyo ajenti nimalizane naye kabisa.

Ajenti sio mtu mbaya. Wapo waliosajiliwa, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wana orodha yao, ukienda unakaribishwa na maji ya baridi na kalenda. Ila lazima ujue anakula wapi. Chuo cha nje kinamlipa kamisheni kwa kila mwanafunzi aliyempeleka na akalipa ada, ndio biashara yenyewe na haina siri. Sasa fanya wewe ndio ajenti, amekuja kijana ana divisheni wani ya pointi nne, baba yake mwalimu wa shule ya msingi, hela hamna. Kuna chuo kinakulipa ukimpeleka, na kuna kingine kina hela za kumsomesha huyu mtoto bure kabisa ila hakikujui hata kama upo duniani. Utamtajia kipi? Ndio maana vyuo vyenye ufadhili wa maana kwa watoto wasio na uwezo hutaona bango lake Posta wala stendi, hakuna mtu mjini mwenye faida ya kukutangazia. Oxford hawatumii maajenti kutafuta wanafunzi. Toronto, ufadhili wao mkubwa unapitia kwa mkuu wa shule, sio kwa mtu mwingine yeyote. Sisi tunabaki kugombania vile tunavyovisikia redioni na tunadhani ndivyo vilivyopo.

Kuna mama alinionyesha risiti, kalipia laki kadhaa eti mwanae "afunguliwe akaunti ya UCAS". Jamani. UCAS ni mfumo mmoja ambao karibu vyuo vyote vya Uingereza vinapokelea maombi ya digrii ya kwanza, upo tangu 1993, na kufungua akaunti ni bure, unafungua kwa simu ukiwa na bando na imeili. Hela unatoa siku ya kutuma tu na ni chini ya pauni 30 kwa machaguo yako yote. Na machaguo ni matano basi. Ukiomba udaktari ni manne, la tano unaweka kozi nyingine. Na Oxford na Cambridge huwezi kuomba zote mwaka mmoja, chagua moja.

Sasa wazazi, hapa tuongee kiutu uzima. Watu wengi wanaanza na jina la chuo, wanaangalia orodha ya vyuo bora duniani, wanachagua, wanaomba, mtoto anapata ofa, kunapikwa pilau, ndio swali la hela linaulizwa mwezi wa saba wakati kila mlango umeshafungwa. Geuza. Swali la kwanza ni nani atalipa. Ada ya mwanafunzi wa nje Uingereza ni pauni elfu kumi na kitu kwa mwaka ukibahatika, vyuo vikubwa na kozi za sayansi zinapanda sana, na udaktari baadhi ya vyuo inapita 40,000. Kwa mwaka hiyo, bado hajala. Mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya hapa kwetu, msiupigie hesabu huko.

Kuhusu ufadhili naomba nivunje mioyo mapema. Kila nikikaa na wazazi naulizwa Chevening, mwanangu amemaliza kidato cha sita anaombaje Chevening. Haombi. Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza wa masters ya mwaka mmoja, anatakiwa awe na digrii tayari na awe amefanya kazi miaka kama miwili. Ule wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza na wenyewe ni masters na PhD. Ufadhili kamili wa digrii ya kwanza Uingereza ni kama mvua ya Dodoma, upo lakini usipande ukiutegemea. Kuna wa Oxford unaitwa Reach Oxford, ni kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea ambao hawana namna ya kulipia, unabeba ada na matumizi na tiketi ya ndege mara moja kwa mwaka, ila ni nafasi mbili tatu tu kwa dunia nzima kila mwaka, udaktari haumo, na lazima kwanza upate nafasi ya Oxford yenyewe. Na mara nyingi chuo kitakutumia barua nzuri kimekupa "ufadhili" wa pauni elfu mbili au tatu. Hilo ni punguzo. Ada ni elfu ishirini wamekutolea mbili, bado unadaiwa kumi na nane, msifanye sherehe.

Canada ndio nataka kidato cha tano mnisikilize. Chuo Kikuu cha Toronto kina ufadhili unaitwa Lester B. Pearson, unalipa ada, vitabu na malazi kwa miaka minne, wanachukua wanafunzi kama 37 kwa mwaka kutoka nchi zote nje ya Canada. Hauombi mwenyewe tu, shule inakuteua kwanza, na kila shule inateua mtu mmoja. Mmoja. Uteuzi unafanyika kwenye ile miezi ya mwanzo ya kidato cha sita, kwahiyo kwa mliovaa majoho leo habari hiyo imeshapita, ila kwa nyie mnaobeba viti ndio kwanza inakuja. Mkuu wa shule nakuomba mbele ya hawa wazazi, nafasi hiyo isipotee kwa sababu hamna mtu aliyefungua imeili. (Mkuu alinyoosha mkono akasema amesikia, na watu wakapiga makofi, kwahiyo mashahidi tunao.) British Columbia kule Vancouver nao wana wa kwao wa namna hiyo, na wao wanataka uteuliwe na shule.

Marekani nitapita haraka, sio kwa sababu haina hela. Ina hela kuliko wote. Kuna vyuo vichache kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Bowdoin ambavyo vinakupokea bila kuangalia una uwezo gani wa kulipa, hata ukiwa sio Mmarekani, halafu wakishakupokea wanajazia pengo lote ambalo wazazi hawaliwezi. Miaka na miaka nimewaambia vijana waanzie huko. Ila tangu 2025 viza za Marekani zimekuwa zikifungwa nchi kwa nchi, majirani zetu Burundi waliwekwa kwenye orodha Juni 2025, Tanzania tukatajwa Disemba 2025, na viza za wanafunzi zimo. Mambo haya yanabadilika, fuatilia ubalozi wenyewe na sio mtu wa WhatsApp, lakini leo siwezi kusimama hapa nikakwambia weka mayai yako kule.

Na usiache mbachao kwa msala upitao. Matokeo yakitoka mwezi wa saba vyuo vya hapa vinafungua dirisha, omba, UDSM, Sokoine, Muhimbili, Dodoma, huko kote unafundishwa kwa Kiingereza vile vile. UDSM yenyewe ilipoanza 1961 ilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Pale Zanzibar kuna IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, tangu 2023, kampasi ya kwanza ya IIT yoyote kufunguliwa nje ya India, wana digrii ya sayansi ya data na akili mnemba, mnaingia kwa mtihani wa mchujo na usaili, unapanda boti asubuhi umefika. Mimi maoni yangu, na wengine wananichukia kwa hili, kama hakuna ufadhili kamili na familia itabidi iuze shamba, soma digrii ya kwanza hapa, fanya kazi, halafu ndio uombe hiyo Chevening mnayoipenda. Shamba lisiuzwe kwa ajili ya mwaka mmoja wa Manchester, maana miaka ni mitatu na shamba ni moja.

Haya, tuseme hela ipo au kuna mpango wa hela unaoeleweka. Lini unaomba?

Hapa kuna kitu wengi hawakijui na kinawapendelea. Uingereza wanaomba mwaka mzima kabla. Oxford, Cambridge na udaktari mwisho ni Oktoba 15 saa kumi na mbili jioni ya kwao, wengine wote mwisho ni katikati ya Januari. Na udaktari una mtihani wake wa UCAT ambao unaufanya kati ya Julai na Septemba, kabla hata fomu hujaituma, na sheria kwenye vyuo kadhaa ina wake unaitwa LNAT. Kwahiyo mtu anayeomba akiwa bado kidato cha sita anaomba hana matokeo, mwalimu anakadiria atapata nini, na chuo kinampa ofa yenye masharti, ukipata hivi na hivi njoo. Shule nyingi zetu hazijazoea kukadiria, mwalimu anaogopa kuandika A akaonekana muongo, anaandika C kwa usalama, na hiyo C inamfukuzisha mtoto kwenye kozi. Lakini wewe unayemaliza mwezi wa tano unaweza kukaa, ukaenda zako JKT, matokeo ya NECTA yakatoka Julai, ukafungua UCAS Septemba ukiwa na matokeo ya kweli mkononi, kwa ajili ya kuanza mwaka unaofuata. Hakuna kukadiria, hakuna masharti ya mtihani, kinachosomwa ni kile ulichopata. Wazazi wanaogopa mtoto akikaa mwaka nyumbani atakuwa kibaka. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh 1949, ana umri wa miaka 27, alishamaliza Makerere na alishafundisha shule, akarudi 1952 na digrii yake. Hakukimbizana na mtu.

Huo mwaka una kazi zake. Andikia vyuo unavyovitaka, ofisi ya udahili, uwaulize moja kwa moja ACSEE, yaani mtihani wetu wa kidato cha sita, wanaichukuliaje, kila chuo kina ukurasa wa nchi nchi na Tanzania mara nyingi ipo. Wanaangalia masomo yako matatu ya tahasusi, General Studies wengi hawaihesabu, BAM, ile hesabu ya nyongeza, usitegemee ikubebe. Wengine watakwambia anza na mwaka wa msingi, ule wanaouita faundesheni, ambao nao unalipiwa, kwahiyo uliza kabla. Hapa kidogo tuna unafuu, binamu zenu wa Mombasa wenye KCSE vyuo vingi vya Uingereza vinawarudisha kwenye huo mwaka wa msingi kwa sababu Kenya waliacha mfumo wa kidato cha tano na sita zamani.

Halafu kuna mtihani wa Kiingereza. Najua mnasema tumesoma masomo yote kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi inazozihesabu kuwa za wazungumzaji wa Kiingereza, Tanzania haimo, Kenya pia haimo, kwahiyo kawaida utafanya IELTS au mwingine unaokubalika, British Council Dar wanausimamia. Cheti chake kinadumu miaka miwili, usikifanye mapema mno kikaoza. Na muulize kwanza chuo kinataka upi, maana ipo miwili inafanana jina, wa kawaida na ule wa viza, ukikosea unalipa mara mbili.

Nije kwenye insha, maana hapa ndipo vijana wanaponiletea vitu vya kuchekesha.

Zamani UCAS walikuwa wanataka insha moja ndefu. Kuanzia kwa wanaoingia vyuoni 2026 wameigawa, ni maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Yote matatu kwa pamoja herufi 4,000 ukihesabu na nafasi, na kila jibu lisipungue herufi 350. Ni kidogo sana, ni kama kurasa moja na nusu hivi. Na maswali yote matatu yanauliza kozi. Hawaulizi wewe ni mtu mzuri kiasi gani, hawaulizi umelelewa kwa shida gani, wanauliza somo.

Mwaka 2007 UCAS walipitisha insha kama elfu hamsini kwenye programu ya kukagua kunakili, wakakuta watu 234 wote wameeleza kwamba walipokuwa na umri wa miaka minane walitoboa pajama zao kwa moto wakichezea vifaa vya kemia. Watu 234 pajama zimeungua! Walikuwa wameitoa sehemu moja kwenye intaneti. Sisi pajama hatuna, sisi tuna bibi. Kila anayeomba udaktari kutoka kwetu bibi yake aliumwa, zahanati haikuwa na dawa, akaapa atakuwa daktari. Sikatai bibi aliumwa, pole sana, lakini msomaji wa kule ameshawasoma bibi wengi na bibi hamwambii kama wewe unaelewa figo inafanya kazi gani. Na siku hizi akili mnemba inawaandikia, naletewa insha tatu kutoka shule tatu zote zinaanza na "tangu utotoni nimevutiwa na ulimwengu wa" nini sijui, Kiingereza kimenyooka kama uzi na ndani hamna mtu. UCAS bado wanakagua kufanana na chuo kinapewa taarifa.

Sasa uandike nini? Andika ulichokiona wewe na ukakifikiria kwa kutumia somo lako. Kuna binti wa CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, kwao Zanzibar mashariki, mama yake analima mwani. Rasimu ya kwanza ilikuwa na bibi. Nikamuuliza mwani wenu unaendeleaje, akasema ule aina ya kotonii unakufa, maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto mno, kina mama wamebaki na spinosamu ambao bei yake iko chini. Nikamwambia hiyo ndio insha yako, kaandike. Akaandika joto la maji linafanya nini kwenye mmea, kwa nini maji ya kina kirefu yangesaidia na kwa nini kina mama wengi hawajui kuogelea kwahiyo suluhisho la kwenye karatasi linakwama ufukweni. Mtu wa biolojia wa Uingereza akisoma pale anakaa vizuri kwenye kiti.

Wewe wa uchumi, tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 ulikuwa mdogo ila nyumbani uliona, watu walirudi kubeba hela kwenye soksi, wakaanza kumtuma kondakta. Hiyo ni kodi ikibadilisha tabia ya watu na ni sura nzima ya kitabu chako cha uchumi. Wewe wa HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, unayetaka isimu, unaongea Kigogo nyumbani, Kiswahili mtaani na Kiingereza darasani, andika ngeli za Kigogo zinafanana wapi na za Kiswahili na zinaachana wapi, waingereza wangapi wanaweza kuandika hivyo? Acheni kuona aibu na vitu mnavyovijua. Na Kiingereza chako kiwe cha kwako, sentensi fupi, neno usilolitumia ukiongea usilitumie ukiandika. Mwalimu akusahihishie sarufi, asikuandikie.

Barua ya mwalimu ni kitu kingine tunakichukulia kirahisi. Shule ina wanafunzi mia tatu, mwalimu atakumbuka nini kuhusu wewe? Anaandika mpole, mtiifu, anawahi namba. Utiifu kule hauna maksi. Mpelekee ukurasa mmoja, ulifanya vizuri wapi, ile praktiko ya taitresheni uliyorudia hadi ikakubali, nafasi yako kwenye mock ya mkoa, kozi unayoomba, siku ya mwisho. Na kama shule haijajisajili UCAS sio tatizo, unaomba kama mtu binafsi, unaweka imeili ya mwalimu, anatumiwa linki anajaza. Mwambie kabla, aangalie mpaka kwenye spamu, kuna ombi niliona lilikaa wiki nzima kwenye spamu ya mwalimu naye yuko anasimamia mtihani kijijini hana mtandao.

Majina! Wazazi nisikilizeni kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Zuwena, NECTA wameandika Zuena, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu, na pasipoti inafuata NIDA. Kwetu ni mtu mmoja, kwa afisa wa viza hao ni watu watatu. Wikiendi hii toeni vyeti vyote mviweke mezani mlinganishe herufi kwa herufi. Kurekebisha kunachukua miezi, kwahiyo anzeni sasa na sio mwezi wa nane. Pasipoti nayo ni shilingi 150,000 Uhamiaji, ombeni mapema. Na kabla mtoto hajaondoka pitieni TCU mjue chuo chake kinatambulika, maana akirudi na cheti hao ndio wanaokitambua.

Mwisho viza, na hapa ndipo nimeona familia zikilia na ofa mkononi. Chuo kikishapata ulichotakiwa kulipa kinakupa namba ya CAS, yaani uthibitisho kwamba kimekupokea, ndio unaomba viza. Ada ya viza peke yake Aprili 2025 ilipandishwa ikafika pauni 524. Kuna hela ya matibabu pauni 776 kwa kila mwaka, na inalipwa yote kwa mkupuo kabla ya kuondoka, miaka mitatu hiyo ni 2,328 na huwa inazidi kidogo kwa sababu viza inaenda mbele ya kozi kwa miezi. Kuna kipimo cha TB kwenye kliniki waliyoidhinisha wao, cha hospitali ya wilaya hakikubaliki. Halafu kuna hela ya kuonyesha kwamba utaishi: tangu Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 kwa London, kwa miezi tisa, yaani 10,539 au 13,761, ukijumlisha na ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa bado. Pigeni wenyewe kwa reti ya siku hiyo, mimi sitaki kuharibu sherehe.

Na hiyo hela inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Siku moja tu ikishuka unaanza kuhesabu upya. Sasa sisi tunavyochanga mnajua, shangazi ana milioni tano, baba mdogo Mwanza ana tatu, kaka yuko Muscat atatuma mwisho wa mwezi, kila mmoja anasema steitimenti yangu ipo itumieni. Haitumiki. Akaunti lazima iwe ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi wake au mlezi wa kisheria, na ukitumia ya mzazi unaambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Baba mdogo aliyekulea tangu mtoto bila karatasi ya mahakama, kwa sheria yao hatambuliki, hata kama ndiye aliyekusomesha tangu chekechea. Kwahiyo michango yote iingie kwenye akaunti ya baba au mama au ya kijana mwenyewe, itulie, mtu asiiguse hata kwa msiba, zihesabiwe siku 28, ndio muombe. Kuna familia walikuwa na hela yote, mpaka na ziada, wakanyimwa kwa sababu ilikuwa kwenye akaunti ya mjomba.

Mkuu wa shule ameniruhusu maktaba mpaka saa kumi na moja jioni. Kidato cha tano mnaofikiria ile nafasi ya Toronto njooni na matokeo yenu ya muhula, tutaangalia na mwalimu wa taaluma shule inateuaje na kwa vigezo gani ili mwezi wa tisa pasiwe na manung'uniko. Kidato cha sita mna mtihani mwezi wa tano, msije, kasomeni, nitarudi Agosti mkiwa na matokeo. Wazazi wenye vyeti vya kuzaliwa hapa hapa kwenye mikoba, najua mpo, njooni sasa hivi tuangalie majina kabla chakula hakijawa tayari.